Ujumbe wa Tangu Jana

Kwenye treni, mama mshonaji alimwonyesha jirani yake wa kiti, dereva wa gari la wagonjwa, ujumbe wa simu ambao hajaufungua tangu jana. Umetoka kwa mwanawe, aliyekwama kwenye mji wenye mapigano.

"Jumbe zake kaziweka zijifute zikishasomwa, askari wasizikute. Nikiufungua, unapotea. Huenda ndiyo maneno yake ya mwisho."

"Mama, na kama anaomba msaada?"

"Na kama ananiaga?"

"Kuagwa hakuui. Kuchelewa ndiko kunakoua."

"Wewe unabeba wagonjwa wa watu, baba. Huyu nimembeba mimi."



Treni ikasimama. Mama akashuka, simu kifuani, bila kuufungua. Dereva akamfuata, ingawa tiketi yake ilikuwa ya kituo cha mwisho.