Dereva Asiyelala

Kijiwe chetu kiko pembeni ya duka la spea lililofungwa: ubao mmoja juu ya matairi mawili ya lori, na ukutani misumari mitatu ya kutundikia helmeti. Hapo ndipo ofisi. Pikipiki moja, simu moja, watu watatu: Breki, Mzee Kontena na mimi, mwenye digrii ya mipango ya uchukuzi, second class upper, mnisamehe kwa kutaja. Kampuni ya usafiri wa kuitwa kwa simu ilimkubali Breki peke yake. Mzee walimwambia umri umepita, ingawa aliendesha lori maisha yake yote bila kugonga hata kuku. Mimi waliniambia nimesoma kupita kiasi, nitaondoka mapema. Niondoke niende wapi, hawakusema. Basi Breki akasajiliwa, na sisi tukajisajili ndani yake. Kila alfajiri simu inadai picha ya sura yake; anakuja macho nusu, anapigwa picha, anarudi kulala. Baada ya hapo, safari ikiingia ni ya mwenye helmeti kwenye msumari wa kwanza. Akirudi anaitundika kwenye msumari wa mwisho, nyingine zinasogea mbele. Utaratibu huo haujawahi kubishaniwa, na ndio pekee ambao haujawahi kubishaniwa kijiweni hapa.

Siku hiyo Shangazi wa kahawa alikuwa ameegemeza simu yake kwenye birika, tunatazama mkutano mubashara. Wakuu wa sekta walikuwa wamekusanyika hotelini kutuambia kesho tutasafiri vipi. Future of Mobility, imeandikwa nyuma yao kwa herufi kubwa kuliko pikipiki yetu. Viti vyeupe, maji ya chupa, vipaza sauti vya shavuni.

Mkuu wa kwanza akasema kizazi kijacho hakuna mtu atakayemiliki gari.

— Waanze na yao, Shangazi akasema. Nimepita pale nje, yamepangwa kama meno.

— Shangazi, hiyo inaitwa shared economy, nikasema. Wao wanashea, sisi tunalipa.

— Kushea gani kwa kutufundisha? Breki akasema. Suruali yangu ya kwanza ilishavaliwa na kaka zangu wanne.

Mkuu wa pili akaonyesha teksi za kuruka. Hazina dereva, hazina foleni, hazina kelele. Mzee Kontena akatikisa kichwa.

— Hiyo haiendi popote. Angani utamweka trafiki wapi? Lazima asimame mahali.

— Watampa ngazi, nikasema.

— Ngazi itashikwa na nani?

— Na wewe, Mzee. Umri wa kushika ngazi bado hawajauwekea kikomo.

— Mimi nawaambia, Breki akasema, wakimaliza hewa watarudi kwenye miguu. Kila kiatu kitawekwa laini ya simu. Ukimaliza kifurushi cha hatua, soli inajifunga, unabaki katikati ya barabara kama nguzo mpaka mkeo akuongezee salio.

— Hamjafika bado, Shangazi akasema huku akipuliza jiko. Watu hawatakwenda popote. Vyumba ndivyo vitakavyotembea. Unaamka, soko limekuja dirishani, unachagua nyanya, soko linaenda zake.

— Na wewe utauzia wapi kahawa?

— Hapahapa. Vyumba vyenu vitapita, mtakunywa mkiwa na mashuka.

Tulikuwa bado tunacheka alipopanda bosi wa kampuni yetu wenyewe. Suti na raba. Mtu aliyevaa suti na raba mwogope: anataka ninyi mkimbie.

"Data haidanganyi," akasema. "Ladies and gentlemen, katika mji huu tunaye dereva mmoja. Anafanya kazi saa kumi na tisa kwa siku, bila kupumzika hata Jumapili. Haumwi. Halalamiki. Hakatai safari."

Kwenye skrini nyuma yake ikatokea sura kubwa kama nyumba, macho nusu, mswaki bado mdomoni.

— Hiyo sura naijua, Shangazi akasema.

Breki akashusha kikombe.

"Huyu ndiye mustakabali," bosi akaendelea. "Kwa hiyo, kuanzia mwezi ujao, kiwango chake ndicho kiwango cha kila dereva wetu. Atakayeshindwa, mfumo utampumzisha. Na leo mtamwona hapa jukwaani akipokea tuzo. Gari limeshakwenda kumchukua."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Kijiweni alicheka mtu mmoja, na alikuwa mpita njia aliyekuwa akicheka mambo yake.

— Nitaenda, Breki akasema. Nipokee, nitabasamu, ninyamaze.

— Halafu? nikauliza.

— Halafu tuendelee na kazi. Tukisema ukweli wanafunga akaunti. Sisi wote tunabaki na helmeti bila simu ya kuita mteja. Mzee atakula nini?

— Na ukinyamaza, nikamwambia, kila dereva mji huu atatakiwa awe watu watatu. Shemeji yako ni dereva wao stendi kule, ana mtoto mchanga. Yeye atajigawa na nani? Na huyo mtoto?

— Digrii, usinipandishie sauti. Wewe una vyeti.

— Lete sufuria tuvichemshe basi. Mimi nimefundishwa miaka minne jinsi ya kuhesabu magari barabarani. Leo nahesabu magari barabarani, bure, nikiwa nimekaa kwenye ubao. Hawa waliniandikia "we regret to inform you" bila hata kujuta. Na sasa jasho langu wamelipiga picha, wakalibandika uso wako, wanataka kumchapa nalo shemeji yako. Over my dead body, Breki.

— Kwani uwongo huu si wetu wenyewe? Breki akasema.

— Ni wenu, Shangazi akasema. Lakini mimi nikiona mtu hapumziki wiki nzima, namtafutia daktari. Hao wamemtafutia tuzo.

Mzee Kontena alikuwa anafuta kioo cha helmeti yake kwa ncha ya shati.

Gari jeupe likasimama. Akashuka dada wa kampuni, mpole, tableti kifuani.

— Shikamoo, Mzee. Shikamoo, Shangazi. Nimekuja kumchukua dereva wetu. Asiwe na wasiwasi, jukwaani kuna swali moja tu. Watamuuliza, huwa unalala saa ngapi?

Breki akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Shangazi. Shangazi akamimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa.

— Si swali gumu, dada akasema. Hata kwa kukadiria.

Akatabasamu kidogo, akarudi kufungua mlango wa gari, labda akidhani tunaona haya.

Mzee Kontena akainuka.

— Safari imeingia?

— Imeingia, Breki akasema polepole.

— Msumari wa kwanza ni wa nani?

Wote tulikuwa tunajua.

— Mzee, watakufungia kabisa, Breki akasema.

— Mimi walinifungia kabla sijafungua. Wewe ukisema ni kesi, nikisema mimi ni mzee tu amepotea njia akakuta kipaza sauti. Nitawaambia tuko watatu. Wakitaka saa kumi na tisa, waajiri watatu. Wakikasirika, waninyime kazi waliyoninyima.

— Akaunti itakufa.

— Itakufa. Unataka iishi ili imuue shemeji yako?

Breki akainama, akaitazama simu yetu moja, akaizima mwenyewe na kuitia mfukoni.

— Basi mtaje na shemeji yangu, akasema. Mwambie bosi kuna kijana stendi ana mtoto mchanga.

Mzee akavaa helmeti, akafunga mkanda chini ya kidevu, akavuka hadi kwenye gari. Dada akatazama tableti, akamtazama yeye, akarudia tableti.

— Lakini mzee wangu, picha hapa ni ya kijana.

— Ilipigwa leo alfajiri, binti yangu, Mzee Kontena akasema akijikalisha kiti cha mbele. Ona kazi ilivyonifanya.