Mkaa wa Kibuyu cha Ciakuthii

Marehemu Lenah Ciakuthii alizaliwa Kiirua, kwa Wameru, tarehe 14 Machi 1932, binti wa Mzee Bundi na Mama Makandi. Alituambia kwamba kitu cha kwanza anachokumbuka duniani ni ukungu ukipita miguuni mwa ng'ombe, na mama yake akisugua ndani ya kibuyu kwa mkaa wa kijinga cha moto ili maziwa yasiharibike, akiimba polepole.

Alisoma shule ya Kaaga, kisha akafunzwa uuguzi katika hospitali ya misheni. Huko alikuta unga wa mkaa umefungiwa kabatini kama dawa ya waliomeza sumu, akacheka peke yake. Kwao mkaa ulikaa jikoni.

Januari 1953 aliolewa na Mwalimu Ishmael Kivuti wa Kianjokoma, huku Embu, akaja na kibuyu chake. Mama mkwe wake, Muthoni, hakuyapenda madoa meusi kwenye maziwa. "Huyu Mmeru atatunywesha masizi mpaka lini?" aliuliza, na kila asubuhi aliyachuja kwa kitambaa. Ciakuthii alitabasamu tu.

Hali ya Hatari ya wakoloni ikatuhamishia sote katika kijiji kilichozungushiwa handaki. Kathuri, kaka yake Kivuti, alikuwa kizuizini. Adhuhuri moja mwaka wa 1955, binti ya Kathuri alimeza vidonge vya malaria akidhani ni peremende. Binti huyo ni mimi, Mukami, ninayewasomea. Naiona siku ile kama ndoto: jua jeupe, moshi, nyuso nyingi juu yangu.

Nyanya Muthoni alileta maziwa na chumvi. "Mpatie, atapike! Sisi huku tunafanyanga hivyo."

"Hapana, mama," Ciakuthii akamjibu. "Akishikwa na kifafa akitapika, matapishi yataingia kwa mapafu. Wacha mkaa ushike hiyo dawa kwa tumbo, itoke nayo."

Zahanati ya kijiji haikuwa na mkaa wa dawa. Basi alitwanga ule wa kibuyu, akaukoroga na maji, akaninywesha nikiwa bado macho. Miaka mingi baadaye alikiri, "Haukuwa na nguvu kama ule wa hospitali. Ndio ulikuwa karibu." Aliogopa sana, alisema.

Wakanibeba kwenda hospitali, lakini langoni homgadi, mlinzi wa serikali, alikataa kufungua. Kisha akaona midomo yangu myeusi.

"Huyu ni wa nani?"

"Ni wangu," akasema nyanya, akilia.

Akafungua. Hospitalini Embu walinipitisha mpira kooni wakaniosha tumbo, nikalala usingizi mrefu, nikaamka nikidai uji.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyanya hakuchuja maziwa tena mpaka alipofariki.

Mama Ciakuthii alihudumu kama muuguzi hadi 1987. Mumewe alimtangulia mwaka wa 1994. Februari 2009 alipata kiharusi, na sauti yake ikafifia kidogo kidogo. Asubuhi ya tarehe 9 Juni aliomba maziwa, akaonja, akafumba macho kama mtu anayesikiliza wimbo wa mbali. Nilimpenda kuliko ninavyoweza kusema hapa.

Ameacha watoto wake Mbae, Karimi na Muriithi, wajukuu, vitukuu, na mimi.

Tukitoka kaburini mtakaribishwa maziwa ya kibuyu chake. Mkiona madoa meusi, tafadhali msiyachuje.

Lala salama, mama, upumzike.