Asegelile na Mita Mia Mbili za Kiangazi

Baada ya miaka thelathini na mbili ya utumishi, Mzee Asegelile Mwaisela, Afisa Biashara wetu, anastaafu tarehe 30 Juni. Baiskeli yake, inayojulikana Kyela kuliko baadhi ya wakuu wa idara, inastaafu naye.

Alianza kwa kukagua leseni za mashine za kukoboa mpunga kule Busale. Meza za pool zilipoingia wilayani hakuna aliyezitaka, akatupiwa yeye. Hajawahi kucheza hata mara moja, lakini sheria ndogo anazo kichwani kama nyimbo za kanisani: leseni ibandikwe ukutani, siku za kazi mlango usifunguliwe kabla ya saa kumi jioni, aliye chini ya miaka kumi na minane asiingie, na ukumbi uwe mita mia mbili au zaidi kutoka shuleni.

Umbali aliupima kwa baiskeli. Alifunga kitambaa chekundu kwenye spoku, akaisukuma huku akihesabu mizunguko ya tairi. Tulipomsalimu njiani hakuitikia, tukamwona ana majivuno. Kumbe angepoteza hesabu.

Masika moja alipima ukumbi wa Tusekile, mjane wa Ikolo aliyenunua meza yake kwa kakao ya misimu mitatu. Majaruba ya mpunga yalikuwa yamefurika, akazunguka kwa njia ya juu, akapata mita mia mbili na sitini. Leseni ikatoka. Kiangazi maji yakakauka, watoto wa shule wakaanza kukatiza majarubani, na Mwalimu Mkuu Wilson akaleta malalamiko: ni mita mia na arobaini tu! Kisheria ukumbi ulipaswa kufungwa, na kwa meza hiyo moja Tusekile anasomesha watoto watatu.

Wapo waliomshauri Mzee aseme mama ndiye aliyemdanganya. Miaka miwili kabla ya kiinua mgongo chake, alisimama kikaoni akasema kosa ni lake, na mama asifungiwe bali apewe siku thelathini za kuhama. Akakubaliwa, ila na yeye akapewa barua ya onyo. Alipoisaini nilijionea aibu, kwa sababu mimi ningenyamaza.

Likizo yake yote aliimalizia kumtafutia Tusekile banda jipya karibu na kijiwe cha bodaboda. Siku ya kuhama, wanaume wanane walilibeba bamba la jiwe la ile meza ya pool, naye akatangulia na baiskeli, akihesabu. Tusekile alimfuata nyuma na “ndaga fijo, tata” zisizoisha, asante sana baba kwa Kinyakyusa. Hakuitikia hata moja. Mita mia tatu na kumi, kwa njia fupi.

Mwaka jana, sheria ndogo ziliporekebishwa, aliomba kiongezwe kipengele kimoja: umbali upimwe kwa njia fupi ya kiangazi. Sisi wengine makosa yetu tunayafungia kabatini. Yeye la kwake amelifanya sheria, ili Naomi, anayempokea kazi pamoja na kitambaa chekundu, asilirudie. Ukumbi wa Tusekile unaendelea, na mlango hufunguliwa saa kumi kamili.

Mzee wetu, umetufaa, nasi tunakushukuru. Mungu akupe afya, mpunga uzae, wajukuu wakuchoshe kwa furaha. Na tukikusalimu njiani, tafadhali itikia. Huna tena cha kuhesabu.