Dk. Pelagia Magesa na Waanika Dagaa wa Mwigobero

Dk. Pelagia Magesa anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na moja ya kuchunguza kwa nini baadhi ya watu wa mkoa wetu wanapata na wengine wanakosa. Mimi, Isaya Mugeta, niliajiriwa katika kituo hiki cha utafiti siku ileile aliyoajiriwa yeye. Nimeombwa niandike wasifu wake. Sifa zilizomo humu ni za kweli, na baadhi zimeniuma kuziandika.

Tulianzia Bunda, kwenye vijiji vya pamba, tukiwa na madodoso yaleyale. Mimi nilirudi na karatasi zilizojazwa vizuri. Pelagia alirudi na vidole vilivyochanika, kwa sababu alivuna pamba na wanawake huku wakimsimulia nani anaitwa kwenye kikao cha kugawana mashamba na nani anaambiwa abaki jikoni. Mkurugenzi alisoma kazi yake mara mbili. Yangu iliwekwa kabatini.

Mwaka 2011 alifanya utafiti wa Mwigobero, ufukoni mwa ziwa, ule uliomjengea jina. Mimi nilikuwa nimeshaandika kwamba waanika dagaa wa pale wote wana hali sawa. Pelagia alikaa nao miezi minne, akaona kwamba wenye vichanja vya kuanikia juu ya ardhi ni wachache, ndugu wa wenye mitumbwi. Waliobaki walianika mchangani, ambako mvua moja iliharibu kazi ya wiki nzima. Ripoti yake ililetwa kwangu niihakiki. Niliisoma siku ileile, nikaona ni nzuri, nikaifungia kwenye droo miezi saba. Masika yote yakapita.

Aliniuliza mara moja tu, "Kaka Isaya, ile ripoti umeshaisoma?"

Nikamjibu, "Bado, dada. Kazi zinakuwaga nyingi."

Hakugombana. Alimchukua Consolata, mmoja wa wale wa mchangani, wakaenda pamoja kwenye kikao cha madiwani. Consolata alimwaga dagaa waliooza juu ya meza. Vichanja vya wote vilijengwa mwaka uliofuata, na Pelagia akawa mkuu wa idara, cheo ambacho mimi nilikuwa nimeshakishonea suti.

Wiki iliyopita nilimweleza habari ya droo. "Nilijuaga," alisema. "Lakini mvua haikuninyeshea mimi. Nenda kwa waliokuwa mchangani."

Jumatatu nikaenda. Consolata alinisikiliza huku akigeuza dagaa wake. "Masika yale binti yangu aliacha shule," akasema. "Mama Pelagia nasikia anaagwa. Wewe ndiye unaandika?"

Nikaitikia.

"Basi na hilo uliandike."

Nimeliandika.

Dk. Pelagia, kituo kizima kinakushukuru. Nenda Butiama ukalime mihogo yako kwa amani, na afya iwe nawe. Watu wa Mwigobero wameanza kuniuliza utarudi lini kuwasalimia. Mimi, kwa miaka yote hii, hakuna aliyewahi kuniulizia. Bado nakuonea wivu, dada.