Fundi Bado na Mlango wa Gari Jekundu

Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 9 Novemba 2024, nyumbani kwa marehemu hakuna aliyelala. Yeye alikuwa kitandani, sikio amelielekeza dirishani. Mkewe alikuwa akitoka chumbani kwenda sebuleni, akifungua pazia, akilifunga, akipiga tena simu ya binti yao, ambayo haikupatikana tangu magharibi. Binti alikuwa njiani, baada ya miaka mitano ya kutokanyaga nyumba hiyo. Asubuhi, mkusanyaji wa magari ya zamani angekuja na lori kulichukua gari jekundu la marehemu. Na daktari alikuwa ameshasema yake. Kama binti angewahi, hakuna aliyejua.

"Kaa chini, mama watoto," marehemu alisema. "Unanichosha miguu."

"Wewe ungekuwa na nguvu ungekuwa barabarani saa hizi," mkewe alimjibu.

Ilikuwa kweli. Hakuwahi kuwa mtu wa kutulia.

Alizaliwa tarehe 17 Juni 1960, mtoto wa tatu wa karani wa reli na mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba siku alipoanza kutambaa, alitambaa kuelekea mlangoni.

Alisoma shule ya msingi ya mtaa huohuo, kisha sekondari hadi kidato cha pili. Ripoti zake zilisema kila muhula kwamba ana akili ila hakai kitini. Mwaka 1977 baba yake alimpeleka chuo cha ufundi. Huko mwalimu alimpa nyundo na bati lililobonyea, akamwambia asiinuke mpaka linyooke. Hapo alikaa.

Alinyoosha bodi za mabasi katika gereji ya kampuni kwa miaka mingi, na mwaka 1988 akafungua gereji yake ubavuni mwa nyumba. Marehemu hakuikagua kazi kwa macho tu, aliisikiliza. Alikuwa akifunga mlango wa gari mara moja, kichwa amekiinamisha, na kama sauti haikumridhisha alimwambia mwenye gari neno moja: "Bado." Mwenye gari abembeleze, agombe, aseme ana safari, jibu lilikuwa hilohilo. Ndiyo maana wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Bado, na wapo hapa waliokwenda kazini kwa miguu kwa sababu yake. Tunaomba mmsamehe.

Tarehe 22 Septemba 1990 alimwoa mkewe, aliyekuwa akiuza katika duka la vitambaa mkabala na gereji ya mabasi. Marehemu aliendelea kwenda hapo kununua matambara ya kung'arishia hata alipokuwa na gereji yake upande mwingine wa mji, mpaka mwenye duka akamwuliza kama anayala. Walijaliwa binti, kisha mtoto wa kiume.

Gari jekundu liliingia nyumbani mwaka uliofuata harusi. Lilikuwa gari la michezo la Kiitaliano la mwaka 1967, milango miwili. Mwenye gari, mhandisi wa kiwanda cha saruji, alikuwa amegonga nguzo, na siku ya kuhama alimwachia marehemu. Lilikuwa la chini mno. Mama mkwe alipoliona aliuliza kama limezama. Upande wa dereva ulikuwa umesagika, na marehemu akatengeneza mlango mpya kwa bati na nyundo, kwa mkono wake.

Wakusanyaji walipata habari. Walikuja bila kuitwa, wengine wamevaa glavu, wakilizunguka na kusifu. Marehemu aliwaacha wamalize, kisha akawaonyesha mlango wa dereva, ambao haukufunguka mpaka uuinue kidogo kwa goti.

"Siwezi kuuza hivi," alikuwa akisema. "Bado."

Mdogo wake, dereva wa lori, alikuwa akimtania mke wa marehemu: "Shemeji, una mke mwenza mwekundu, na halali nje hata mvua isiponyesha!" Mkewe alicheka, lakini alikuwa ameshaona jambo. Fundi aliyenyoosha milango ya mji mzima hawezi kushindwa na mmoja.

Binti yao alikulia gerejini, akaishika kazi hiyohiyo. Mwezi Agosti 2019, siku baba yake aliposafiri kwenda msibani, alilegeza bawaba za mlango ule, akazipanga upya, na kufikia jioni ulikuwa ukifunguka kwa kidole. Alidhani amempa baba yake zawadi. Marehemu aliporudi, aliufunga mara moja, akasikiliza, akachukua spana na kuuharibu tena mbele ya macho yake.

"Baba, mlango ulikuwa umepona!"

"Nani alikwambia mlango unaumwa?"

Siku iliyofuata binti alifungasha nguo zake, akaenda kufanya kazi gereji ya mji mwingine. Alimpigia simu mama yake. Kwa baba hakupiga, na baba naye hakupiga. Mkewe alikuwa katikati, akibeba salamu ambazo hakuna aliyezituma.

Februari mwaka huu marehemu alianza kukohoa. Ilikuwa mapafu, vumbi na rangi za miaka yote. Alimkataza mkewe kumwambia binti. "Asiitwe kwa huruma. Akija, aje kwa miguu yake." Mkewe alinyamaza, na kunyamaza huko kulimkosesha usingizi kuliko kikohozi.

Mwisho wa Oktoba, marehemu alimwita mpiga picha wa mtaa, akaweka tangazo kwenye mtandao wa wakusanyaji. Kabla ya hapo hakuwahi kulitangaza hata mara moja. Lilisomeka hivi: "Linauzwa. Gari la michezo la Kiitaliano, 1967, jekundu, injini yake ya asili. Mlango wa dereva bado."

Wiki moja baadaye, simu iliita jikoni.

"Mama, baba ana nini?"

"Nani amekwambia?"

"Tangazo. Baba hawezi kuliuza gari lile akiwa mzima. Usinifiche, mama."

Mpaka leo mkewe hajui kama tangazo lile liliwekwa kwa ajili ya wakusanyaji.

Kulipopambazuka Jumamosi ile, geti lililia. Mkewe alikimbilia dirishani. Basi lilikuwa limeharibika njiani na simu yake kuisha chaji, lakini binti ndiye yule, begi mgongoni, na hakuja mlango wa mbele. Alipinda kuelekea gereji.

"Ameanza na gari!" mkewe alilalamika, machozi yakimlenga.

"Ulitaka aanze na nini?" marehemu alisema. "Fungua dirisha."

Vyuma viligongana kidogo. Mlango wa gari ukafungwa. Marehemu akainamisha kichwa juu ya mto.

"Mwambie bado. Bawaba ya chini."

Mkewe alipaza sauti. "Nimesikia!" gereji ikajibu. Spana ikalia tena, kisha mlango ukafungwa kwa sauti ndogo, nene, kama ya kitabu kinachowekwa mezani. Safari hii marehemu hakusema "Bado." Alifumba macho. Mkewe aliogopa, akamshika mkono, na mkono ukamshika.

Ndipo mlango wa chumbani ukafunguka. Binti alisimama pale, mikono myeusi kwa grisi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Spana yangu umeirudisha mahali pake?"

Lori la mkusanyaji lilifika saa nne. Binti alimpokea getini. Yule bwana akauliza kwa upole kama mlango umeshatengenezwa.

"Bado," binti alisema.

Dirishani kulisikika kicheko kilichogeuka kikohozi.

Marehemu alifariki Jumatatu, tarehe 11 Novemba, alfajiri, binti akiwa kiti cha kulia na mkewe cha kushoto.

Ameacha mjane, binti fundi bodi, mtoto wa kiume mwalimu, mdogo wake dereva, wajukuu wawili, na gari moja jekundu ambalo haliuzwi.

Apate kupumzika sasa, yeye ambaye hakuwahi kukaa. Gereji itafunguliwa Jumatatu ijayo asubuhi, na atakayefungua ni binti yake.