Papa Tatu na Mstari wa Chaki

Wasikilizaji wapendwa, mlio nyumbani, mlio sokoni, na ninyi mlio kazini mkiwa mmeweka redio juu ya sanduku la vyombo, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka Chishimba Nkandu. Chishimba Nkandu, miaka hamsini na saba, mkaaji wa mtaa wa Hewa Bora, hapa Lubumbashi, fundi wa palan. Wengi wenu mlimjua kwa jina la Papa Tatu, yaani Baba Tatu.

Kwa asiyejua, palan ni ile mashine ya motor inayoning'inia juu kwenye chuma cha atelier, yaani karakana, na kuinua mizigo mizito. Papa Tatu aliendesha palan kwa miaka ishirini na mbili. Miaka ishirini na mbili, na hakuna mtu aliyeumia hata kidole.

Alikufa chini ya pampu, katika atelier ileile. Ripoti iliyoandikwa inasema kwamba alipita chini ya mzigo bila kungoja. Mke wake, Mama Honorine, hakutuomba nyimbo. Hakutuomba sifa. Alituomba neno moja.

"Museme alingoya," alituambia. "Bantu bote basikie. Bwana yangu alingoya."

Basi, wasikilizaji wapendwa, tusimulie.

Chishimba alizaliwa Lukafu, katika familia ya wakulima. Nyumbani kwao kulikuwa na kisima, na juu ya kisima gogo la kuzungusha kamba, lenye mkono wa chuma. Gogo lile halikuwa na breki. Siku moja baba yake, mzee Nkandu, alikuwa anapandisha ndoo iliyojaa. Mkono ukamponyoka. Ndoo ikashuka yenyewe, mkono wa chuma ukazunguka kwa kasi na kumpiga mdomoni. Meno manne yalianguka pale pale. Mzee akainuka, damu kidevuni, akajaribu kusema kitu, na maneno yakatoka kama ya mtoto mchanga. Watoto wakacheka. Chishimba, mwenye miaka tisa, naye akacheka. Alimweleza mke wake jambo hilo mara moja tu, mwaka wa kwanza wa ndoa, na hakulirudia.

Alikuja Lubumbashi akiwa kijana. Alibeba mizigo, akasukuma mikokoteni, halafu atelier moja ya kutengeneza pampu na motor za migodi, huku Kampemba, ikampa kazi. Fundi mzee aliyekuwepo wakati ule alimwonyesha breki ya palan, na Chishimba akaipenda kama watu wengine wanavyopenda mpira.

Breki ile, wasikilizaji wapendwa, inafanya kazi kinyume na mnavyodhani. Umeme hauifungi. Umeme unaifungua. Ukibonyeza kitufe, umeme unaingia, sumaku inavuta, breki inafunguka na motor inazunguka. Ukiachia kitufe, au courant, huo umeme, ikienda, sumaku inaachia, na springi zinasukuma breki ifunge. Kwa hiyo courant ikikatika, mzigo unabaki juu, hewani, umeshikwa. Usiku kucha ukitaka.

"Iko inalala kwa kufunga," Chishimba alikuwa akiwaambia wageni. "Inaamka tu kama unaiamusha. Basi musiichokoze."

Lakini springi zinachoka. Ngozi ya breki inakwisha. Mafuta yanadondoka. Kwa hiyo Chishimba alijiwekea utaratibu wake. Alichora mstari wa chaki kwenye ngoma ya palan, ile inayokunja kamba ya chuma. Akachora mstari mwingine kwenye kifuniko kando yake, iwe mistari miwili inayotazamana. Kila alipoachia kitufe, aliinua macho kwenye chaki na kuhesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Ikiwa mistari bado inatazamana, mtu apite. Ikiwa mmoja umesogea hata upana wa ukucha, hakuna kupita. Kuhesabu na kuangalia. Tafadhali shikeni hilo: kuhesabu, na kuangalia.

Ndipo wakamwita Papa Tatu.

Alichekwa. Tusifiche, alichekwa sana. Wakati wa kula, alipokata tonge la bukari, wenzake walihesabu kwa pamoja, "Moja! Mbili! Tatu! Meza, Papa!" Walipomwona akivuka barabara walimpigia kelele, "Chaki iko wapi?" Aliyecheka kuliko wote alikuwa Élie, mdogo wake Honorine, shemeji yake mwenyewe. Chishimba ndiye aliyemwingiza Élie kazini. Chishimba ndiye aliyemfundisha vitufe. Élie alikuwa na kipaji cha kuiga sauti za watu, na sauti aliyoiweza zaidi ilikuwa ya Papa Tatu, nzito, yenye kikohozi kidogo kabla ya "mbili".

Mama Honorine alituambia bila kujificha: "Na miye nilimucheka. Alikuwa anatosha casserole, ile sufuria ya mayi, kwa moto, anaiweka chini, anasimama kuiangalia. Ninamuambia, Papa Tatu, casserole haiko palan! Batoto banacheka. Yeye anaendelea tu kuiangalia."

Mwaka huu, mwezi wa kwanza, atelier ilipata mkubwa mpya, chef Clément. Wiki ya tatu, Chishimba aliona mistari ya chaki imeachana. Akaachia kitufe tena, akahesabu tena. Ikaachana tena. Akazima palan, akatia kofuli kwenye swichi, akaenda ofisini na kusema ngozi ya breki imekwisha, kazi ingoje.

"Ingoje mpaka lini?" chef Clément akauliza.

"Mpaka ngozi mupya ifike, chef."

"Client ananingoya miye, hangoyi chaki yako."

Kofuli ilikatwa siku ileile. Ngozi ya breki ilikuja baada ya siku tano, Chishimba akaifunga mwenyewe, na hiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kuigusa palan. Vitufe alipewa Élie. Chishimba alipewa ufagio, na kazi ya kuweka mbao chini ya mizigo inaposhushwa.

Mbao, wasikilizaji wapendwa. Mtu aliyekataza watu kwa miaka ishirini na mbili kwenda chini ya mzigo, akapewa kazi ya kwenda chini ya mzigo.

Hakulalamika. Kila asubuhi alifagia. Kila asubuhi alipanda ngazi na kuirudishia rangi mistari yake ya chaki, na vijana wakamwuliza kama anatarajia mwalimu. Élie alimwambia mbele ya watu, "Shemeji, uko unahesabu na bufyagio? Moja, mbili, tatu, buchafu bupite!"

Sasa sikilizeni kuhusu kipande kimoja cha mpira.

Courant huwa inakwenda, mnajua wenyewe. Ikienda, mzigo unabaki juu. Breki ina mkono mdogo wa chuma wa kuifungua kwa nguvu ya mtu, ili mzigo ushuke taratibu. Mkono ule unashikwa. Ukichoka unauachia, na breki inajifunga. Lakini kusimama juu ya ngazi ukiuvuta kunachosha. Basi Élie akavumbua njia yake. Alikata ukanda kwenye chambre à air, mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, akaufunga ule mkono nusu. Breki ikabaki nusu wazi. Mzigo unateremka wenyewe polepole, na yeye anashuka kunywa maji. Watu wakamsifu. Papa Tatu aliuona mpira ule mara mbili, na mara zote mbili aliufungua na kuutupa. Na mara zote mbili Élie alikata mwingine.

Ilikuwa Jumanne, saa nne ya asubuhi. Lori lilileta pampu kutoka mgodini, zaidi ya kilo elfu moja. Élie akaiinua, lori likaondoka, pampu ikabaki hewani. Courant ikaenda. Breki ikafunga, kama inavyopaswa. Chishimba akaangalia chaki. Haikusogea.

"Muiache," akasema. "Imeshikwa. Tungoye courant."

"Leta mbao," akasema chef Clément.

Mbao zilikuwa nyuma ya atelier. Chishimba akaenda kuzichukua. Alipokuwa nyuma, Élie akapanda ngazi na kufunga mpira wake. Pampu ikateremka mpaka kimo cha kiuno cha mtu. Hapo courant ikarudi. Élie akarukia vitufe, akabonyeza kupandisha kidogo, akaachia. Mpira hakuutoa. Alisema baadaye kwamba courant ingeweza kwenda tena.

Pampu ikasimama. Ilionekana imesimama. Breki iliyofungwa nusu inashika kwa muda mfupi, halafu inaanza kuteleza.

Chishimba akarudi na mbao mbili begani. Hakuwa ameuona mpira. Pale alipokuwa, pampu ilimziba. Ngoma hakuiona, chaki hakuiona. Akasimama. Akauliza alivyouliza siku zote.

"Chaki?"

Mama mmoja anayetunza stoo, jina lake Mimi, alikuwa dirishani, hatua sita kutoka hapo. Yeye ndiye aliyetusimulia. Anasema Élie aliwageukia wenzake, akawakonyeza, akakohoa kidogo, na kwa sauti ya Papa Tatu mwenyewe akahesabu: "Moja… mbili… tatu. Pita, Papa!"

Watu wakacheka.

Na Chishimba, anasema Mama Mimi, alitabasamu. Alitabasamu kwa furaha kabisa. Alidhani mwishowe wamejifunza.

"Aksanti, shemeji," akasema. Akainama, akasukuma ubao wa kwanza.

Pampu ikamshukia.

Élie akapiga kelele na kubonyeza kupandisha. Motor ikashika, pampu ikapanda. Mama Mimi akawa anapaza sauti, "Mupira! Toa mupira!" Élie hakusikia. Akaachia kitufe ili akimbie kumvuta shemeji yake.

Akaachia kitufe, wasikilizaji wapendwa. Na mpira ulikuwa bado unaizuia breki kufunga.

Yaliyobaki hatuyasemi.

Jioni ileile ripoti iliandikwa: marehemu alipita chini ya mzigo bila kungoja. Watu watano walitia sahihi. Sahihi ya nne ni ya Élie. Mama Mimi hakuulizwa.

Siku ya pili ya kilio, pale Hewa Bora, Mama Mimi alikaa karibu na Mama Honorine kwenye mkeka, akamweleza yote sikioni. Honorine hakulia kwa sauti. Alimtazama mdogo wake, aliyekuwa anapanga viti chini ya hema, anawapokea wageni, anaambiwa pole na kila mtu. Usiku huo hakumwambia kitu, na asubuhi yake vilevile.

Makaburini, wanaume wanne walishika kamba za kushushia jeneza. Élie alikuwa mbele, upande wa kushoto. Mchungaji akamaliza maombi. Jeneza likaanza kushuka. Lilipofika katikati ya shimo, Mama Honorine akainua mkono.

"Musimamishe."

Wanaume wakakaza kamba. Watu wakadhani anataka kusema kwaheri.

"Élie," akasema. "Hesabu."

"Yaya, dada yangu, tafadhali…"

"Hesabu. Na sauti yake. Unaijua."

Élie akatikisa kichwa. Kamba ilikuwa inamkata viganja, na hakuweza kuiachia.

"Bantu beko banangoya, mudogo wangu. Hesabu."

Akahesabu kwa sauti yake mwenyewe, iliyopasuka. "Moja." Hakuna aliyesogea. "Mbili." Mtu fulani nyuma akaanza kulia. "Tatu."

"Sasa uko unaangalia wapi?"

"Naangalia kamba, yaya."

"Na ile siku? Ulihesabu, ulikuwa unaangalia wapi?"

Wanaume watatu wengine walikuwa wanatetemeka kwa uzito. Chef Clément alikuwepo, na miwani yake ya jua.

"Nilikuwa naangalia bantu banacheka," akasema Élie.

"Na yeye?"

"Yeye alingoya, yaya. Alingoya mpaka tatu."

Mama Honorine akashusha mkono. "Basi. Mumushushe."

Wakamshusha.

Wasikilizaji wapendwa, ripoti haijabadilishwa. Iko vilevile, na sahihi zake tano. Ndiyo maana neno lake tumelisema hapa, na tunalirudia: Chishimba Nkandu alingoja. Aliuliza chaki, akajibiwa kwa mzaha, naye akaamini.

Kwako Mama Honorine, na kwa watoto, na kwa ndugu wote wa Lukafu, kipindi hiki kinawapa pole kwa moyo wote. Mungu awashike. Na kwako Élie, ikiwa unasikiliza, dada yako alituomba pia tukuambie kwamba nyumbani kwake kiti chako kipo. Hakusema zaidi ya hapo, nasi hatuongezi.

Atelier ilifunguliwa tena siku ya sita. Mama Mimi anatuambia kwamba sasa wote wanahesabu. Kila mzigo, moja, mbili, tatu, kwa sauti kubwa, na hakuna anayecheka. Lakini anasema pia kwamba mistari imefutika kwa vumbi na mafuta, na tangu Papa Tatu aondoke hakuna aliyepanda ngazi kuichora upya. Wanahesabu na kuangalia chuma kitupu.

Wewe unayetusikiliza ukiwa kazini, na kuna mtu karibu atakayeinama chini ya kitu kwa sababu wewe umemwambia apite: mwambie angoje kidogo. Inua macho. Mstari uko wapi?