Mama Jumwa, Sauti ya Pili ya Changamwe

Tumekusanyika kumsindikiza mama aliyependa kujibiwa. Haya ndiyo machache ya maisha yake.

Marehemu Rosalia Jumwa Charo alizaliwa Rabai tarehe 14 Machi 1925, mtoto wa tatu wa Mzee Charo Garama, seremala, na Mama Kahaso, aliyelima mihogo na kusuka mikeka. Alilelewa zaidi na bibi mzaa mama. Asubuhi wawili hao walisimama kwenye kinu kimoja, kila mmoja na mchi wake, na bibi akaimba. Jumwa hakukatazwa kuimba, ila alikatazwa kuimba kile kile. Bibi alikuwa na maneno yake, naye atafute ya kwake yatakayoingia katikati.

Alisoma shule ya misheni hapo Rabai kuanzia mwaka 1933. Mwalimu wake wa nyimbo alimweka mwisho wa mstari kwa sababu alidhani mtoto hajui wimbo. Kila wenzake walipopanda, yeye alishuka. Walipotua, yeye ndiye aliyekuwa akienda. Alikaa mwisho wa mstari muhula mzima. Siku moja akaugua surua, na darasa likaimba bila yeye. Mwalimu aliuliza nani leo haimbi, maana wimbo umekuwa mwepesi kama uji wa maji. Aliporudi aliwekwa katikati, wala hakuambiwa sababu.

Baada ya mafunzo ya ualimu ya miaka miwili, alianza kufundisha Changamwe mwezi Januari 1944. Waliokuwapo wanaikumbuka Changamwe ile: mikorosho hadi karibu na reli, filimbi ya gari moshi ikipigwa Mazeras watu wakidai wameisikia, na Jumamosi ukumbi mmoja wa mabati uliotumika kwa harusi, mikutano ya kanisa na midahalo. Wasemaji wa mdahalo walipewa upande kwa kura. Mtu alitumbukiza mkono kofiani, akatoa punje ya mahindi au ya kunde: mahindi ni kuunga mkono, kunde ni kupinga. Msemaji alilazimika kuutetea upande ule kana kwamba amezaliwa nao. Mwenyekiti alikuwa Bwana Badawi, mwenye duka kutoka Kisauni, mshairi, ambaye kofia ilikuwa yake.

Hapo ndipo uchumba wake uliponusurika kuvunjika.

Mwaka 1946 alikuwa amechumbiwa na Karisa Nguma, karani wa stesheni ya reli. Tembo la mnazi la posa lilikwisha kunywewa na wazee wa pande zote mbili. Jumamosi ya tarehe 12 Oktoba hoja ilikuwa kwamba bibi arusi akae kwa mama mkwe mwaka wa kwanza. Karisa akatoa mahindi, Jumwa akatoa kunde. Mbele kabisa, kwenye kiti alichobebewa kutoka nyumbani, aliketi Mama Dhahabu, mamake Karisa, mjane, amekuja kwa mara ya kwanza kumsikiliza mwanawe.

Karisa alisema vizuri. Kisha Jumwa akasimama, akasema vizuri zaidi. Alisema jiko moja halipikiwi na wapishi wawili ila mmoja awe mtumwa. Kwamba mwana aliyeoa na bado anaonjewa chumvi na mamake hajaoa. Ukumbi ulicheka hadi mabati yakalia. Mama Dhahabu hakucheka. Alinyanyua kiti chake mwenyewe, akatoka.

Jioni ile alimwambia mwanawe kwamba posa imekwisha. Karisa alimweleza habari ya kofia na punje, kwamba hata yeye angetoa kunde angesema yayo hayo.

"Punje haina ulimi," mama akamjibu. "Ulimi ni wake."

Karisa alikwenda Kisauni kumwomba Bwana Badawi aje amsemeshe mamake. Alikuja, akaketi, akaeleza kwa upole kwamba yeye na shemeji yake Hamoud wa Mkomani wamekuwa wakipelekeana mashairi ya kupingana tangu ujana wao. Kwao shairi kukosa jibu ndiyo dharau, na siku ya Idi huyu hula kwa yule. Mama Dhahabu alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha kahawa.

"Lakini Hamoud hakai jikoni mwako, Bwana Badawi," akasema.

Bwana Badawi alirudi Kisauni akikiri kwamba ameshindwa, na kwamba mama yule angefaa kuwa mwenyekiti.

Jumwa hakupeleka mtu wa kumwombea radhi. Aliwaambia wazazi wake kwamba anampenda Karisa, na kwamba akikataliwa atalia. Lakini hatasema hakuyasema aliyoyasema. Wiki tatu zikapita. Kisha Mama Dhahabu akaita. Ilikuwa desturi mchumba aje kwa mama mkwe atwange naye kabla ya siku ya arusi kutajwa, na mama hakutaka isemwe alimkataa msichana bila kumwona kinuni.

Hawakusalimiana sana. Shikamoo ikaitikiwa, mchi ukatolewa. Mama Dhahabu alitwanga, akaanza wimbo ambao kila mtu wa Rabai anaujua. Jumwa alitia mchi wake pale wa mama ulipopanda, na kwenye pumzi za wimbo akatia maneno mengine, kwa sauti ya chini. Mama akasimamisha mchi.

"Wimbo huu huujui?"

"Naujua, mama."

"Basi mbona hunifuati hata kinuni?"

"Nikikufuata, mama, mchi wangu utashuka pamoja na wako. Tutavunjana mikono."

Mama Dhahabu aliutazama mchi, akamtazama msichana. Akasema, "Haya, twanga." Mahindi yalipokaribia kulainika akauliza tena, safari hii bila kumtazama:

"Na yale ya ukumbini, wayaamini?"

"Nusu."

"Nusu ipi?"

"Nitakwambia nikishakaa nawe mwaka."

Inasemekana mama alicheka hadi akashika ukingo wa kinu. Harusi ilifungwa Jumamosi ya tarehe 26 Aprili 1947, na bibi arusi akahamia kwa mama mkwe. Mwaka ulipotimia aliulizwa tena, na jibu alilotoa walilijua wao wawili tu. Lililo wazi ni kwamba hakuhama. Waliishi nyumba moja hadi Mama Dhahabu alipofariki mwaka 1963, wakibishana kuhusu chumvi karibu kila siku.

Kwaya aliyoianzisha mwaka 1948 aliifundisha kwa njia ile ile. Kila sauti ilijifunza katika chumba chake, hadi iwe wimbo kamili unaoweza kupendwa peke yake, ndipo akazikutanisha. Alichukia sauti ya pili inayotembea nyuma ya ya kwanza kama mtumishi. Wanafunzi wake nao aliwataka wautetee upande wasioupenda, tena bila kukonyeza jicho. Alistaafu mwaka 1980.

Agosti 1987 alipatwa na kiharusi kilichomwondolea maneno. Sauti ilibaki. Karisa alikaa kando ya kitanda akiimba wimbo, na Jumwa, mdomo umefumbwa, akaupitisha wa kwake chini yake. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 9 Februari 1988, Karisa alimwambia kwamba atapona, kwamba Pasaka atasimama mbele ya kwaya. Jumwa akatikisa kichwa. Miaka arobaini ya ndoa Mzee Karisa hakuwahi kukosa la kumjibu. Asubuhi ile alimshika mkono, wakakaa hivyo mpaka mkono wa Jumwa ukapoa.

Ameacha mume, Mzee Karisa Nguma, watoto Charo, Kahaso na Dhahabu, wajukuu saba, dada yake Nyevu, na wanakwaya ambao leo watamwimbia, kila mtu kwa sauti yake.

Mungu amlaze pema, na huko aliko ampe wa kujibizana naye, hadi mzee wetu atakapofika.